Jenereta ya Ishara Inaposema Uongo



Askari akiipeleka redio yake karakana, kisha akarudishiwa pamoja na karatasi isemayo kwamba ni nzima, huiamini. Huibeba mgongoni au huifunga garini, akaenda nayo doria. Ikiwa huko bondeni redio ile itakataa kusikia kituo chake, lawama huangukia milima, au betri, au antena, na mara nyingi humwangukia askari mwenyewe, kwamba hakuitunza. Ni mara chache mno watu kujiuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia yote: je, kile chombo kilichotumika kuipima redio hiyo, nacho kilipimwa lini, na nani?

Chombo tunachokizungumzia huitwa jenereta ya ishara. Jina hilo lisiwachanganye wale wanaoijua jenereta ya dizeli inayonguruma nyuma ya bohari. Hii haiwashi taa. Ni sanduku la mezani linalotengeneza mawimbi ya redio yaliyo madogo sana, ambayo ukubwa wake unajulikana kwa hakika. Fundi huyaingiza mawimbi hayo katika tundu la antena la redio inayopimwa, huyapunguza kidogo kidogo, na kutazama ni wapi redio inaposhindwa kuyasikia. Thamani yote ya chombo hiki imo katika maneno hayo: ukubwa unaojulikana. Ukubwa huo usipojulikana, jenereta huwa ni kipande cha chuma kilichojaa waya.

Ieleweke vizuri hatari iko upande gani. Jenereta iliyokufa kabisa haimdhuru mtu. Fundi huiona imekufa, hutoa taarifa, na kazi husimama. Wakulima wa pamba wanaijua habari hii. Mizani iliyovunjika haiwezi kumwibia mkulima, kwa kuwa hakuna atakayekubali kupimiwa nayo. Mizani ya kuogopwa ni ile inayoning'inia vizuri, yenye rangi mpya, ambayo kwa kila gunia huficha kilo mbili.

Hebu tuchukue mfano. Redio nzuri ya VHF ya aina ya FM hutoa maneno yanayoeleweka inapopata ishara ya kama 0.3 ya mikrovolti, ambayo kwenye uso wa jenereta ya omu 50 husomeka karibu -117 dBm. Sasa jenereta ikiwa dhaifu kwa desibeli 10 kuliko inavyosema, fundi ataona kwamba redio haisikii mpaka apewe ishara inayosomeka kama mikrovolti 1. Atadhani redio ni mgonjwa. Atafungua kifuniko, atazungusha koili zilizokuwa mahali pake, na ataiharibu redio nzima kwa nia njema kabisa. Hasara ni kubwa, lakini angalau redio hiyo imebaki mezani.

Upande wa pili ndio wa kuogofya. Jenereta ikitoa nguvu zaidi ya inavyosema, tuseme kwa desibeli 20, basi redio inayohitaji mikrovolti 3 itaonekana inaridhika na 0.3. Fundi atatia sahihi, na kiziwi atapelekwa vitani au katika doria ya usiku. Upungufu huo ni sawa na kuigawa nguvu ya mwenzake anayemwita kwa 100: wati 25 zinazorushwa kutoka makao makuu zinamfikia kana kwamba zilikuwa robo ya wati. Katika nyanda za wazi huenda asitambue lolote akiwa karibu na kituo. Akishaingia nyuma ya vilima, ndipo redio hunyamaza, na hunyamaza wakati ule ule anapoihitaji.

Basi, ili kujua uongo huanzia wapi, hatuna budi kuingia ndani ya sanduku, walau kwa macho ya akili.

Mawimbi huanzia kwenye osileta. Kutoka hapo hupita katika kizuizi cha umeme kinachoweza kuyabana au kuyaachia, kisha amplifaya huyakuza. Baada ya amplifaya ipo dayodi ndogo ya kupimia. Dayodi hii huonja nguvu inayopita na kupeleka habari nyuma kwenye kile kizuizi: nguvu imezidi, bana, nguvu imepungua, achia. Huo ndio mzunguko wa kusawazisha, na kwa sababu yake nguvu hubaki sawasawa fundi anapohama kutoka megahezi 30 hadi megahezi 400. Mwisho kabisa, mbele ya tundu la kutokea, kuna kipunguzi cha hatua, yaani mnyororo wa rezista zinazoingizwa na kutolewa kwa swichi, kwa kawaida kwa hatua za desibeli 10.

Sasa wasikilizaji watambue jambo moja, ambalo huwapotosha hata mafundi wa miaka mingi. Mshale au tarakimu za nguvu zilizo usoni mwa chombo hupata habari zake kutoka kwenye ile dayodi, na dayodi imekaa kabla ya kipunguzi. Kwa hiyo lolote linaloharibika baada ya dayodi, iwe ni rezista iliyoungua, kiungio kilicholegea au waya uliokatika ndani ya kebo, halionekani usoni hata kidogo. Chombo kitaendelea kutangaza kwa utulivu kamili kwamba kinatoa -107 dBm, yaani mikrovolti 1, na huku tundu lake halitoi kitu. Tena hakidanganyi kwa makusudi. Kinasema kile kinachokiona, nacho hakioni mlangoni.

Kabla ya kuifungua jenereta, mafundi wenye busara huituhumu kwanza meza yao wenyewe. Kebo iliyokanyagwa na kupindwa kwa miaka mitano ni mtuhumiwa wa kwanza. Mita moja ya kebo nyembamba iliyo nzima, katika megahezi 150, haipotezi hata nusu desibeli. Ikipoteza desibeli 3, itupwe, wala isirudishwe kabatini ili imdanganye fundi mwingine kesho. Vivyo hivyo viungio: sindano ya katikati iliyozama ndani kwa unene wa ukucha hugusa leo, na kesho haigusi.

Halafu kuna suala la mzigo. Jenereta ya omu 50 hutoa kiasi kilichoandikwa pale tu inapofungiwa omu 50. Fundi akiiunganisha moja kwa moja na osiloskopu ambayo mlango wake ni omu milioni 1, ataona volti maradufu ya zile alizotarajia, na atapiga kelele kwamba jenereta imezidisha. Jenereta haina kosa. Zaidi ya hayo, vyombo vingi vya zamani vya Uingereza viliandikwa volti za chanzo, yaani kabla ya kufungiwa mzigo, ilhali vingine huandikwa volti zilizo juu ya mzigo. Tofauti ya namna hizo mbili ni mara mbili kamili, desibeli 6. Wapo mafundi wawili waliokaa meza moja, kila mmoja na jenereta yake, wakagombana juma zima juu ya desibeli hizo 6 ambazo hazikuwahi kupotea.

Ikiwa meza imeonekana safi, pimeni sasa nguvu yenyewe kwa mita ya nguvu iliyohakikiwa, mkiwa mmezima kwanza urekebishaji wa AM. Urekebishaji huo, ukifika asilimia 100, hudai kwenye vilele vyake nguvu mara nne ya kawaida, na jenereta iliyokwisha kuwekwa karibu na kikomo chake haiwezi kuitoa. Mita za kawaida haziwezi kuonja nguvu ndogo kama -107 dBm, kwa hiyo kipimo hiki huanzia juu, kwa mfano 0 dBm, ambayo ni milivati 1.

Hapo tabia ya kosa ndiyo inayomtaja mkosaji. Taa ya onyo la kusawazisha ikiwaka, na ikizimika mara tu nguvu inapopunguzwa kwa desibeli 3 au 6, mtu wa kukamatwa ni amplifaya, au umeme wa moja kwa moja unaoilisha. Mzunguko wa kusawazisha umeachia kizuizi chote, na bado nguvu haitoshi. Anzeni na umeme huo, kwani kapasita za zamani hukauka, na kuipima volti ni kazi ya dakika mbili. Nguvu ikiwa imepanda hadi kikomo na haitaki kushuka, huku mshale wa usoni ukilala kwenye sifuri, dayodi ya kupimia imekatika. Mzunguko unaambiwa kwamba hakuna nguvu, nao unazidi kusukuma. Na ikiwa mshale unasema sawa, taa haiwaki, lakini mita ya nje inasema kingine, rudini kwenye lile tulilolisema juu ya mlango: kosa liko baada ya dayodi. Kosa linaloonekana katika megahezi za juu tu, na kutoweka katika zile za chini, kwa kawaida ni kiungio kilicholegea au kigusio kilichoingia kutu.

Sasa tukae kidogo na kipunguzi, maana hiki ndicho kinachoharibika kuliko vyote, na ndicho kinachodanganya kuliko vyote.

Jenereta ya Hewlett-Packard 8640B, iliyoenea katika karakana za kijeshi na za kiraia tangu miaka ya 1970, hufanya kazi kuanzia kilohezi 500 hadi megahezi 512, na nguvu yake huanzia +19 dBm na kushuka hadi -145 dBm. Kwa lugha ya volti, ni kutoka volti 2 hadi sehemu moja ya themanini ya mikrovolti. Tofauti ya nguvu kati ya ncha hizo mbili ni zaidi ya tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 16. Kazi yote hiyo ya kushuka hufanywa na rezista chache ndogo, ambazo hazikuumbwa kubeba nguvu kubwa. Katika vyombo vya umri huo kuna jingine pia: magurudumu ya meno ya plastiki yaliyo nyuma ya vishikio hupasuka kwa uzee, hata kishikio kikaonyesha hatua moja na swichi ya ndani ikabaki katika hatua nyingine.

Ili kumkamata mwongo huyu, pandeni na kushuka hatua moja moja mkitazama mita ya nguvu mpaka pale inapokoma kuona. Kila hatua ya desibeli 10 ilete desibeli 10. Hatua moja ikileta sifuri, rezista za kipande hicho zimeungana au swichi yake haikuingia. Ikileta 25 au 30, rezista imekatika na kinachopita ni mvujo tu. Kosa linalojirudia kila kipande fulani kinapoingia, na kutoweka kinapotoka, halihitaji mashahidi wengine.

Kwa hatua za chini, ambazo mita haizioni, iko njia ya kulinganisha isiyo na gharama. Chukueni redio moja iliyo nzima na kipunguzi cha nje cha desibeli 40 kinachoaminika. Wekeni jenereta katika -67 dBm, mpitishe ishara katika kipunguzi hicho cha nje, na mwangalie usikivu wa redio. Kisha ondoeni kipunguzi cha nje na kuweka jenereta katika -107 dBm. Redio haina habari kwamba mmebadili kitu. Lazima isikie sawasawa. Ikisikia tofauti, vipunguzi vya ndani havikusema kweli.

Na kama jenereta imefunguliwa na kipunguzi kimetolewa nje kabisa, kuna kipimo cha mita ya omu. Kifungieni rezista ya omu 50 upande mmoja, kisha pimeni upande wa pili katika kila hatua. Kila hatua, kuanzia sifuri hadi ya mwisho, isome karibu omu 50, kwa kuwa ndivyo kilivyopangwa. Hatua inayosoma 200, au 12, ndiyo iliyoungua. (Vipunguzi vyenye kapasita njiani havipimiki hivi.) Tahadhari moja: rezista iliyoungua isibadilishwe kwa rezista yoyote ya dukani yenye omu zinazolingana. Miguu yake mirefu ni koili ndogo katika megahezi mia kadhaa, na kipande kitakuwa sahihi kwa mita ya omu na kikose kwenye kazi.

Tusiusahau mvujo. Jenereta ambayo skrubu za vifuniko vyake zimepotea, au kitambaa cha waya cha kuzibia mawimbi kimeraruka, hutoa mawimbi kwa njia zisizo halali, kupitia kuta zake na waya wake wa umeme. Hapo redio iliyo mezani husikia ishara kwa mlango wa nyuma. Dalili yake ni hii: punguzeni nguvu kwa desibeli 20 zaidi, na sauti haipungui, sogezeni kebo kwa mkono, na sauti inabadilika. Uongo huu uko upande ule wa hatari, unaowapitisha viziwi.

Lakini ni nani huziunguza rezista hizi? Jibu linajulikana katika kila karakana, ingawa halisemwi kwa sauti. Redio ya askari husikia na kurusha kwa tundu lile lile la antena. Kipaza sauti kikiachwa kimechomekwa, mtu akakibana kitufe cha kusemea, iwe kwa mzaha, kwa kusahau, au kiwiko tu kimekigusa, wati 25 hurudi nyuma ndani ya jenereta. Kipunguzi kilichozoea milivati, ambacho uwezo wake aghalabu ni wati 1 au chini ya hapo, hupokea volti 35. Sekunde moja inaweza kutosha. Jenereta nyingi za baadaye zina kinga inayokata njia nguvu inaporudi, na kinga hiyo ikiruka, jenereta huonekana imekufa mpaka fundi airudishe. Tazameni hilo kabla ya kufungua kitu. Lakini kinga nayo ina kikomo chake, na vyombo vingi vya zamani havina kinga yoyote.

Mwenye kubana kitufe mara nyingi hajui alichokifanya, au anakijua na kuogopa. Na hapa lawama nyingine ni ya wakubwa. Pale ambapo kijana akiripoti kwamba ameunguza chombo cha bei kubwa hukatwa mshahara na kutiwa mahabusu, hakuna atakayeripoti, na jenereta itaendelea kupima redio mwaka mzima. Kamanda anayetaka kuambiwa ukweli siku ile ile hana budi kuifanya ripoti ya mapema kuwa jambo jepesi, na ufichaji kuwa kosa zito. Kwa sasa katika sehemu nyingi mambo yamegeuzwa kinyume.

Kinga ya gharama ndogo ipo. Kati ya redio na jenereta wekeni kipunguzi kikubwa cha desibeli 30, kilichojengwa kubeba nguvu ya redio hiyo. Wati 25 zikirudi, kitakachofika kwenye jenereta ni milivati 25, ambazo haziwezi kumdhuru mtu. Fundi atajumlisha hizo desibeli 30 katika hesabu zake, na hesabu hiyo iandikwe ukutani juu ya meza, kwa wino mzito. Kipaza sauti nacho kichomolewe kabla ya redio kufika mezani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya redio za zamani, na kwamba vikosi vinahamia kwenye redio za kidijitali. Kwa kweli redio hizo zinahitaji ukweli wa jenereta kuliko zilizotangulia. Redio ya FM ikizidiwa na umbali hukwaruza kwanza, na askari hupata onyo la kusogea au kupanda kilima. Ya kidijitali husema kwa ufasaha hadi ukingoni, kisha hukatika ghafla. Upimaji wake huhesabu makosa katika ishara ya nguvu inayojulikana, na nguvu hiyo hutoka katika sanduku lile lile.

Uongo wa jenereta ukishagunduliwa, kazi haikwishi kwa kuitengeneza. Fundi mkuu afungue daftari la karakana, atafute tarehe ya mwisho ambayo jenereta ilijulikana kwa hakika kuwa sahihi, na aorodheshe kila redio iliyotiwa sahihi tangu siku hiyo. Redio zote hizo zirudishwe zipimwe upya, na za kwanza kuitwa ziwe zile zilizoko katika vituo vya mbali kabisa, ambako ishara ni hafifu na hakuna njia nyingine ya kuomba msaada. Kazi hii inachosha, nayo haipendwi na wenye magari wala wenye mafuta. Lakini mpaka ifanyike, kila kituo kilichomo katika orodha hiyo kihesabiwe kuwa huenda hakisikii, na zamu ya usiku ipangwe kwa kulijua hilo.